D'Arcy McGee, Mwasi Aliyebadilika

Juma hili nataka tumwangalie Thomas D'Arcy McGee. Hakuwa mlokole, alikuwa Mkatoliki wa Ireland, lakini maisha yake hunigusa kila nikiyarudia.

Alizaliwa Carlingford mwaka 1825. Mamake alikufa yeye akiwa na miaka 8. Akiwa na miaka 17 alipanda meli kwenda Marekani, na kabla hajafika 20 alikuwa mhariri wa gazeti kule Boston. Kalamu alikuwa nayo kweli: alikuja kuandika historia ya Ireland na mashairi zaidi ya 300.

Lakini moyoni kulikuwa na hasira. Uingereza ilitawala kwao, na njaa kali ilikuwa inamaliza watu. Aliporudi nyumbani akaingia katika uasi wa 1848, ambao ulizimwa upesi. Akatoroka amevaa kama padri (ati padri!), akimwacha mkewe Mary na mimba.

Mwaka 1857 akahamia Montreal, Canada, na Wairishi wa huko wakampeleka bungeni. Hapa ndipo mimi husimama. Wakatoliki na Waprotestanti wa Canada walikuwa wanatazamana kwa jicho baya, na yule mwasi wa jana ndiye akaanza kuwasihi watu wake wasilete ugomvi wa kwao katika nchi mpya. Akashirikiana na John A. Macdonald, na tarehe 1 Julai 1867 majimbo yakaungana kuwa nchi moja. Pombe nayo, iliyomsumbua miaka mingi, akaiacha.

Sio wote walifurahi. Wafenia, waliotaka kuikomboa Ireland kwa bunduki, aliwapinga hadharani, na Wairishi wenzake wengi wakamwona msaliti. Hao ni watu waliokuwa wamempigia kura! Vitisho vya kuuawa vikaja. Hakunyamaza.

Tarehe 7 Aprili 1868 alitoka bungeni Ottawa saa nane za usiku zikiwa zimepita, baada ya kuhutubu juu ya umoja wa nchi. Akiwa mlangoni pa nyumba alimopanga, Sparks Street, akapigwa risasi kwa nyuma. Macdonald alikuja mbio, akasaidia kuubeba mwili. Mwairishi mmoja, fundi cherehani Patrick James Whelan, alinyongwa mwaka uliofuata. Alikana mpaka mwisho, na wapo wanaoitilia shaka kesi hiyo hadi leo.

McGee alizikwa Montreal tarehe 13 Aprili, siku ambayo angetimiza miaka 43.