Marjory Warren: Daktari aliyewapima upya wazee 714

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1935 hospitali ya West Middlesex, iliyoko Isleworth magharibi mwa London, ilikabidhiwa wodi za makao ya maskini yaliyopakana nayo. Ndani yake walikuwamo wagonjwa 714, wengi wao wazee, waliolala miezi na miaka kwa maelezo kwamba maradhi yao ni sugu.

Kazi ya kuwaangalia alipewa Dk. Marjory Warren, aliyezaliwa mwaka 1897, ambaye hadi wakati huo alipendelea zaidi upasuaji.

Angeweza kuyapokea maelezo hayo yalivyo. Badala yake alimpima kila mmoja upya: kama anaweza kuketi, kutembea au kuzuia haja, akili yake imetulia kiasi gani, na hasa ni kitu gani kilichomlaza.

Ilibainika kwamba watu wa hali tofauti kabisa walikuwa wamewekwa fungu moja. Aliyepooza kwa kiharusi alilala jirani na aliyechanganyikiwa akili. Wapo waliokakamaa viungo, si kwa ugonjwa uliowaleta, bali kwa kuachwa kitandani bila mazoezi. Kutopimwa kuliwaongezea ulemavu ambao hawakuja nao.

Dk. Warren aliwagawa katika makundi matano, kila kundi na matunzo yake. Wauguzi na wataalamu wa mazoezi ya viungo walishirikishwa, kwani daktari anayepita mara moja hawezi kujua yale anayoyaona muuguzi usiku kucha. Baadhi ya wagonjwa walisimama na kurejea makwao. Vitanda vya wodi hizo vilipungua hadi takriban 240, na vingine vikapewa wagonjwa wa kifua.

Aliyaeleza hayo katika majarida ya tiba mwaka 1943 na 1946, wakati ambapo madaktari wengi hawakuhesabu tiba ya wazee kuwa taaluma. Mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha madaktari wa wazee nchini Uingereza.

Alifariki dunia Septemba 1960 kwa ajali ya gari nchini Ufaransa. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo sheria ya Marekani ilipoyataka makao ya uuguzi yanayolipwa na serikali kuu kumpima kila mkazi kwa utaratibu mmoja, na kurudia tathmini hiyo hali yake inapobadilika.