James Simpson na Dawa ya Usingizi

Mtoto wa Shinyanga au Geita akatwapo mafindofindo hospitalini, kwanza hupewa nusukaputi, yaani dawa ya kumlaza usingizi mzito. Hasikii kisu. Zamani haikuwa hivyo.

James Young Simpson alizaliwa mwaka 1811 huko Bathgate, Uskoti. Baba yake alikuwa mwokaji mikate. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Edinburgh, alimwona mwanamke akipasuliwa akiwa macho, naye akiteseka mno. Simpson alihuzunika hata akataka kuyaacha masomo. Lakini hakuyaacha.

Mwaka 1846, mjini Boston, Marekani, William Morton alionyesha kuwa mvuke wa etha humlaza mgonjwa. Simpson aliitumia etha, lakini harufu yake ilikuwa kali, nayo ilikera mapafu. Akatafuta dawa nyingine. Usiku wa tarehe 4 Novemba 1847, yeye na madaktari wawili walivuta mvuke wa klorofomu nyumbani kwake. Wote watatu walipoteza fahamu. Jaribio hilo lilikuwa la hatari.

Baadhi ya watu walimpinga. Lakini mwaka 1853 Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua kwa klorofomu, na wengi wakaikubali. Simpson alifariki mwaka 1870.

Baadaye ilionekana kuwa klorofomu yaweza kudhuru moyo na ini, ikaachwa. Dawa za leo ni salama zaidi, na mgonjwa huzinduka upesi. Hata hivyo, hutolewa na mtaalamu tu. Mgonjwa naye hukatazwa kula kabla ya upasuaji, asije akatapika usingizini na kupaliwa.