Friedrich Froebel na Masanduku Yake

Katika milima ya Thuringia, nchi ya Ujerumani, kuna kijiji kiitwacho Oberweissbach. Hapo alizaliwa Friedrich Froebel, tarehe 21 Aprili mwaka wa 1782. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mwenye kazi nyingi na nafasi kidogo. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Baadaye akaja mama wa kambo, naye alipojifungua mtoto wake mwenyewe, hakumjali tena Friedrich. Basi akakua katika upweke, akitazama miti na maua ya bustani kwa kukosa mtu wa kucheza naye. Baba yake alipomfundisha kusoma alimwona kuwa mzito wa akili.

Alipopata miaka 10 mjomba wake alimchukua akakae naye katika mji wa Stadtilm, na huko ndiko alikoonja kwanza raha ya utoto. Kisha akawekwa kwa mtunza misitu miaka miwili ajifunze kazi, na mwaka wa 1799 akaenda chuo kikuu cha Jena. Huko alimkopesha ndugu yake fedha, asilipwe. Akashindwa kulipa madeni yake mwenyewe, akafungwa katika gereza la chuo majuma tisa.

Mwaka wa 1805 alifika Frankfurt, nia yake kujifunza ufundi wa kuchora majengo. Lakini mkuu wa shule moja ya mji ule alimwona anafaa kufundisha, akampa darasa. Mara aliposimama mbele ya watoto alijua kwamba kazi yake ameipata. Akasafiri hata Yverdon, katika nchi ya Uswisi, kwa mwalimu mashuhuri Pestalozzi, aliyeshika kwamba mtoto aanze na kitu anachokiona na kukigusa, na maneno yafuate nyuma. Froebel alikaa huko tangu mwaka wa 1808 hata 1810.

Jambo la pili lililomjenga ni mawe. Huko Berlin alisoma habari za fuwele, yaani yale mawe ambayo pande zake ni nyoofu kana kwamba zimechongwa na fundi. Mwaka wa 1813 aliingia vitani kupigana na majeshi ya Napoleon, na vita vilipotulia akapewa kazi ya kutunza mawe hayo katika jumba la makumbusho. Akazoea kuyapambanua kwa umbo na kwa pande zake. Wengine wangaliridhika na kazi hiyo hata uzeeni. Yeye aliiacha, na mwaka wa 1816 akaanzisha shule yake, ambayo baada ya muda mfupi ilihamia Keilhau.

Kwa miaka mingi alifundisha watoto wakubwa. Kadiri alivyoendelea aliona kwamba shule huanza kwa kuchelewa, kwa maana mtoto wa miaka mitatu au minne tayari anajifunza, nasi twasema anacheza tu. Basi mwaka wa 1837, katika mji wa Blankenburg, alifungua nyumba ya watoto wadogo, na mwaka wa 1840 akaipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Ndiyo aina ya shule ambayo Waswahili huiita chekechea.

Vitu vya kuchezea alivyovitengeneza aliviita Zawadi. Zawadi ya kwanza ni mipira sita ya sufu, kila mmoja na rangi yake. Katika ya pili mna tufe la mti, kipande chenye pande sita sawa, na kipande cha mviringo mfano wa gogo fupi. Tufe hubingirika, chenye pande sita husimama, gogo hufanya yote mawili, ukilisimamisha au ukililaza.

Zawadi ya tatu ni sanduku dogo. Mtoto huligeuza juu ya meza, huvuta kifuniko, huliinua polepole, na mbele yake husimama umbo moja zima, inchi mbili kila upande. Akiligusa huachana, kumbe ni vipande vinane vilivyo sawasawa! Akivigawa mara mbili hupata vinne na vinne. Akigawa tena, viwili viwili. Hivyo nusu, robo na sehemu ya nane amezishika mkononi kabla hajajua kuziandika. Katika zawadi ya nne vipande ni vinane vilevile, ila ni bapa kama matofali. Na kila tofali lina ukubwa sawa na kipande cha sanduku la tatu, ingawa umbo ni mbalimbali. Hata watu wazima hudanganyika hapo.

Sanduku la tano ni gumu zaidi. Lina vipande 39: 21 vizima, 6 vya nusu, na 12 vya robo, na vyote pamoja ni sawa na vizima 27. Mchezo ukiisha mtoto hana budi kuvichambua, vizima mbali, nusu mbali, robo mbali, na kuvipanga upya ndipo vitoshee sandukuni. Akikosea hesabu, kifuniko hakifungi, wala hahitaji mwalimu wa kumwambia.

Froebel hakupata mtoto wake mwenyewe. Uzeeni, karibu na Liebenstein, alicheza na watoto wa kijiji mlimani, na watu waliopita walimcheka wakimdhania kuwa mzee mpumbavu. Kisha, mwezi wa Agosti 1851, serikali ya Prusia ilipiga marufuku bustani za watoto zote, ikidai kwamba zafundisha kumkana Mungu. Ilikuwa imemchanganya na mtoto wa ndugu yake, Karl Froebel, aliyeandika kitabu kisichoipendeza. Mzee alieleza kosa hilo na kuomba haki, lakini hakusikilizwa.

Alifariki tarehe 21 Juni 1852. Marufuku iliondolewa mwaka wa 1860. Kaburi lake liko Schweina, na juu yake pamesimamishwa mawe matatu: chini lenye pande sita, katikati la mviringo kama gogo, na juu kabisa tufe.