Askofu Aliyekubali Kuulizwa
Wana elimu wenzangu, mnamjua John William Colenso? Alizaliwa Uingereza 1814, akaandika vitabu vya hesabu, halafu akawa askofu wa Natal, Afrika Kusini. Aliona ni makosa kumlazimisha Mzulu awaache wake zake ndipo abatizwe.

Wakiwa wanatafsiri Biblia kwa Kizulu, msaidizi wake William Ngidi akamuuliza kama habari ya gharika ni kweli. Askofu hakukasirika. Alikaa akapiga hesabu za Torati, na 1862 akachapisha mashaka yake. Mwaka uliofuata akahukumiwa kwa uzushi. Alifariki 1883, bado yuko Natal.

Mimi nikiwa fildi, mwanafunzi aliniuliza swali hilohilo. Nilimwambia akae chini. Hakuuliza tena.