Goti la George Hackenschmidt

Kijana wa shule yetu akiteguka mguu Jumatatu, Jumatano utamwona amejifunga kitambaa na kuingia kiwanjani, na wenzake humpigia makofi. Kwa sababu hiyo nimechagua, katika toleo hili, kuwasimulia wasomaji habari za bingwa wa mieleka aliyepanda jukwaani na goti bovu mbele ya watu zaidi ya 20,000.

George Hackenschmidt alizaliwa mwaka 1877 katika mji wa Dorpat, ambao siku hizi huitwa Tartu, nchini Estonia. Wakati ule nchi hiyo ilitawaliwa na Mfalme wa Urusi, ndiyo maana watu walimwita Simba wa Urusi. Ujanani alikuwa mwanagenzi katika kiwanda cha mitambo mjini Reval. Huko aliumia kazini, ikambidi aende kutibiwa, na jeraha hilo likamfungulia mlango. Daktari Krajewski, tabibu wa Mfalme na mpenzi mkubwa wa michezo ya nguvu, alipouona mwili wa kijana huyo alistaajabu, akamkaribisha St Petersburg ili afundishwe vizuri.

Mieleka aliyokulia ni ile iitwayo ya Kigiriki na Kirumi, ambayo hairuhusu mtu kumshika mwenziwe chini ya kiuno. Ushindi ni kumlaza chali mpaka mabega yote mawili yaguse chini. Katika mchezo huo hakuwa na mfano. Tarehe 30 Januari 1904, mjini London, alipambana na Mturuki mmoja mwenye umbo kubwa, Ahmed Madrali. Hackenschmidt alimnyanyua juu akamtupa. Madrali akauangukia mkono wake, ukateguka, na shindano likaishia hapo. Watu walishangilia. Sidhani kama kuna aliyeufikiria sana ule mkono.

Sasa Marekani walikuwa na mieleka ya namna nyingine, ambayo miguu pia huruhusiwa kushikwa. Hackenschmidt aliijua hiyo nayo, kwani mwaka 1905 alimshinda Tom Jenkins mjini New York. Lakini fundi wake hasa alikuwa Frank Gotch wa jimbo la Iowa. Gotch alikuwa na mshiko wake wa kuogopwa: hukamata vidole vya mguu wa adui akausokota wayo. Wayo ukisokotwa, mguu mzima hufuata, na kano za kifundo na za goti huvutwa mpaka karibu kukatika. Mwenye akili hukubali kushindwa mapema.

Walikutana mara ya kwanza Chicago tarehe 3 Aprili 1908. Walishindana kwa muda wa saa mbili hivi, na Hackenschmidt akasalimu amri. Alilalamika kwamba Gotch alijipaka mafuta na kumkwaruza kwa kucha. Huenda ni kweli, lakini mtu aliyechoka hulalamika mengi.

Marudiano yakapangwa tarehe 4 Septemba 1911, katika uwanja wa Comiskey Park, mji ule ule. Wakati wa mazoezi Hackenschmidt akaumia goti. Mwenyewe alieleza kuwa ilikuwa ajali tu: mwenziwe wa mazoezi, Benjamin Roller, alipokuwa akijaribu kumkandamiza chini, mguu wa Roller uligonga goti lake. Ajabu ni kwamba Roller naye alikuwa daktari! Miaka mingi baadaye mpiga mieleka mwingine, Ad Santel, alidai kwamba yeye ndiye aliyemvunja goti kwa makusudi, baada ya kulipwa fedha na watu wa Gotch. Mimi naliamini zaidi neno la Hackenschmidt, maana hakuwa na sababu ya kumficha mtu aliyemdhuru.

Shindano halikuahirishwa. Tiketi zilikuwa zimeuzwa, na waandalizi walikuwa na fedha zao ndani. Hackenschmidt akapanda jukwaani, na Gotch, aliyekwisha jua pa kushika, akamwangusha mara mbili mfululizo. Yote mawili yalichukua kama dakika 20 tu, na la pili lilimalizwa kwa mshiko ule ule wa vidole. Wako wasemao kwamba goti ndilo lililompa Gotch ubingwa. Hao wanasahau kwamba mwaka 1908 alishinda bila msaada wa jeraha hilo. Goti liliwanyima watazamaji shindano la haki, na lilimnyima Hackenschmidt nafasi ya kujua kama angeweza kulipa kisasi.

Baada ya hapo aliacha mieleka. Alisoma falsafa, akaandika vitabu, na mwaka 1950 akawa raia wa Uingereza. Gotch hakuuona uzee. Alifariki Desemba 1917 kwa ugonjwa wa figo. Hackenschmidt aliendelea na mazoezi ya viungo hata alipokuwa mkongwe, akafariki London tarehe 19 Februari 1968, mwenye umri wa miaka 90.