Hans Meyer na Safari Tatu za Kuuendea Mlima wa Barafu

Msafiri wa leo atokaye Voi kwenda Taveta hupita Bura, Maktau na Mbuyuni kwa muda wa saa chache tu, na akijaaliwa asubuhi isiyo na mawingu huuona Kilimanjaro mbele yake, umevaa kilemba chake cheupe. Zamani njia hiyo ilikuwa ya misafara ya watu wa Mombasa waliokwenda Uchaga na Umasaini kutafuta pembe. Ndiyo pia iliyompeleka Mjerumani Hans Meyer, mtu wa kwanza anayejulikana kwa yakini kufika kilele cha mlima huo. Wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya siku ile moja ya kufika. Wachache wanajua kwamba alishindwa mara mbili kabla yake.

Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, katika ukoo wa wachapishaji wa vitabu wenye mali nyingi. Alikuwa mtu wa kusoma na wa kusafiri, na habari za mlima wenye theluji karibu na ikweta zilimkaa moyoni. Habari hizo zilifikishwa Ulaya na mmishonari wa Rabai, Johannes Rebmann, ambaye tarehe 11 Mei 1848, baada ya kupita Utaita akiongozwa na Bwana Kheri, aliuona weupe ule kwa macho yake. Wako wataalamu wa London waliomcheka. Watu wa misafara wa pwani, ambao walikuwa wameuona mlima huo miaka mingi, hakuna aliyewauliza.

Mwaka wa 1887 Meyer alitoka Mombasa, akavuka nyika kavu ya Taru, akapita Utaita na kufika Taveta. Mwenzake mmoja, Mjerumani aitwaye von Eberstein, alichoka akabaki nyuma, na Meyer akapanda hadi kiasi cha mita 5,500. Hapo akakutana na ukuta wa barafu. Hakuwa na vyombo vya kuukata wala mtu aliyejua kazi hiyo. Akageuka akarudi.

Mwaka uliofuata alikuja na msafara mkubwa zaidi, wapagazi zaidi ya 200, pamoja na mchora ramani Oscar Baumann. Mara hii alishika njia ya Usambara. Lakini 1888 haikuwa salama kwa Mjerumani katika mrima. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imezishika bandari na kuwavunjia watu heshima yao, na Abushiri bin Salim akainuka Pangani. Wapagazi walitawanyika, mizigo ikapotea, na Meyer na Baumann wakakamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiliwa baada ya kutoa fedha za kujikomboa. Wako wanaomhurumia Meyer wakisoma kisa hiki. Sisi wa pwani tunakisoma pande zote mbili, kwa kuwa Abushiri naye alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Meyer alikaa akahesabu makosa. Kwa upande wa mwenzi, alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu wa Salzburg aliyekuwa bingwa wa milima ya barafu. Kwa upande wa njia, aliiacha Pangani iliyokuwa vitani akarejea ile ya Mombasa na Taveta, ingawa kwa mapatano ya 1886 Taveta ilikuwa upande wa Waingereza na mlima upande wa Wajerumani. Taveta, ndani ya msitu wa mto Lumi, palikuwa mahali pa kupumua: maji tele, ndizi, mahindi, na wenyeji waliozoea kuuza chakula kwa misafara kwa nguo na shanga.

Shauri lake kubwa lilikuwa chakula. Wapandaji waliomtangulia walipanda na walichoweza kubeba, kikaisha, wakashuka. Meyer alifanya urafiki na Mangi Mareale wa Marangu, akaweka huko kambi kuu. Akaweka kambi ya pili juu ya msitu, na ya tatu, hema dogo, kwenye mita 4,330. Kila baada ya siku chache watu walipanda kutoka Marangu na vyakula. Hivyo hata hewa ikichafuka wangeweza kungoja.

Katika kambi ile ya juu alikaa nao mtu mmoja tu wa pwani, wa Pangani, ambaye Meyer anamwandika Mwini Amani. Sisi tungesema Mwinyi Amani. Siku 16 alivumilia baridi ya kugandisha maji, bila viatu vya maana, akilinda hema na kupika, wakati mji wake uko vitani na Wajerumani. Huko Marangu watu humtaja pia Yohani Kinyala Lauwo, aliyetukuzwa katika sherehe za miaka 100 mwaka 1989.

Tarehe 3 Oktoba 1889 Meyer na Purtscheller walikata ngazi katika barafu, hatua kwa hatua, wakafika ukingoni alasiri. Kumbe kilele kiko ng'ambo, na jua limeanza kushuka. Wangalikuwa hawana chakula cha kurudia, safari ingeishia hapo. Walishuka, wakapumzika, wakalala pangoni, na asubuhi ya tarehe 6 wakapanda kwa ngazi zilezile hadi juu kabisa. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40.

Meyer alikiita kilele hicho kwa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Alirudi mlimani mwaka 1898, akaona barafu imerudi nyuma sana katika miaka tisa tu, akatabiri kuwa itakwisha. Baadaye akawa profesa wa jiografia ya makoloni Leipzig, akaandika juu ya Warundi, akafariki tarehe 5 Julai 1929. Lile jina la Kaiser halipo tena. Tangu Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru na mwenge ukawashwa huko juu, kilele kinaitwa Uhuru. Barafu aliyoikanyaga Meyer, zaidi ya asilimia 80 yake imeyeyuka.