Jean-Baptiste de La Salle na Upimaji wa Somo la Dini

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa mjini Reims, Ufaransa, mwaka 1651. Alikuwa padre mwenye mali na cheo katika kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1683 alikiacha cheo, na katika njaa iliyofuata akawagawia maskini mali yake, apate kuishi sawa na walimu wa shule zake.

Linalotuhusu sisi walimu ni namna alivyopima mafundisho ya dini. Katika mwongozo aliouandaa pamoja na walimu wake, katekisimu ilipewa nusu saa kila siku. Mwalimu alikatazwa kuhubiri. Sharti aulize maswali mafupi, na walio wazito wa kuelewa waulizwe mara nyingi kuliko wenzao. (Walimu wangapi leo humwuliza yule tu aliyekwisha kunyosha mkono?) Wakati wa Misa, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaangalia watoto. Sala ya mtoto haitiwi alama, nasi twaona La Salle alilijua hilo: alitaka ibada ipimwe kwa macho ya mwalimu, siyo kwa karatasi.

Alifariki Rouen tarehe 7 Aprili, 1719. Mwongozo wake ulipigwa chapa Avignon mwaka uliofuata.